Gramu zinajulikana, wiki hazijulikani

Kwenye ufuo wa Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia, mtoto njiti huwekwa kwenye mizani dakika chache tu baada ya kuzaliwa. Kinachopotea ni umri wake wa tumboni, na ukipotea huo, kila anayetaka kujua kama mtoto anakua vizuri anabaki kubahatisha.

Kashikishi, mji wa ufuo huo, huamka kabla ya jua. Mitumbwi iliyokesha ziwani na taa zake inarudi na chisense, samaki wadogo ambao mtu wa Mwanza au Kigoma angewaita dagaa bila kufikiri mara mbili. Wanawake wanawapokea kwa mabeseni na kuwaanika mchangani kabla joto halijapanda. Bei inatajwa kwa Kibemba, na mnunuzi akiwa ametoka ng'ambo, upande wa Kongo, inarudiwa kwa Kiswahili cha Katanga.

Kati ya waanikaji hao hakosekani mjamzito. Swali la mimba ina wiki ngapi halina jibu la haraka hapa. Hesabu ya ufuo huu huenda na mambo yanayoonekana: mimba ilianza mvua zilipokatika, au mwezi ule uvuvi ulipofunguliwa. Kwa mimba itakayofika mwisho wake, hesabu hiyo inatosha. Tatizo huanza pale uchungu unapokuja mapema.

Tuseme amejifungua mtoto wa gramu 1,700. Muuguzi anajua uzito, na uzito huo unaweza kuwa wa watoto wawili wasiofanana. Wa kwanza amezaliwa wiki ya 32: mwili wake unalingana na siku zake, ila mapafu hayajakomaa na hajui bado kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio. Wa pili ana wiki 36 au zaidi, lakini amedumaa tumboni kwa sababu kondo la nyuma halikumpa chakula cha kutosha. Mizani inawapa namba moja. Miezi ijayo itawatendea tofauti kabisa.

Anayeitwa njiti ni nani

Shirika la Afya Duniani, WHO, linamhesabu kuwa njiti mtoto aliyezaliwa kabla ya kutimiza wiki 37 za ujauzito. Chini ya wiki 28 ni njiti mchanga mno, kati ya 28 na 32 ni njiti mchanga sana, na kuanzia 32 hadi 37 ni wale ambao, wakipata joto, maziwa na ulinzi dhidi ya maambukizi, wengi wao huishi hata bila mashine kubwa. Makadirio ya shirika hilo ni kwamba mwaka 2020 walizaliwa njiti milioni 13.4 duniani, yaani mmoja katika kila watoto kumi.

Nchini Zambia, utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2018 ulikuta vifo 27 vya watoto wa chini ya mwezi mmoja katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Utafiti huohuo ulikuta asilimia 35 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Namba hizo mbili huandikwa kwenye sura tofauti za ripoti kana kwamba hazijuani. Katika Wilaya ya Nchelenge, ilipo Kashikishi, zinakutana kwenye kitanda kimoja.

Wilaya hiyo imelala kwenye ufuo wa mashariki wa ziwa, katika Mkoa wa Luapula. Hospitali yake kubwa ni St Paul's ya Kashikishi, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kikatoliki. Mansa, makao makuu ya mkoa, iko mbali kwa zaidi ya kilomita 200 za barabara inayopita Kazembe na Mwense. Kuna wakazi wa visiwani pia, wakiwemo wa Kisiwa cha Kilwa, ambao barabara yao ya kwanza ni maji. Upepo ukichafuka, mjamzito aliyeanza kuumwa husubiri ziwa litulie.

Mbu asiyejua kiangazi

Sehemu nyingi za Zambia malaria hupanda na mvua, kisha hushuka. Nchelenge ina vinamasi visivyokauka, na mbu aina ya Anopheles funestus hupenda maji ya namna hiyo. Anauma mwaka mzima.

Watafiti walipowapima wajawazito 1,086 wa wilaya hiyo, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2015, darubini iliona vimelea vya malaria kwa takriban theluthi moja yao. Kipimo cha vinasaba, ambacho hunasa hata vimelea vichache, kilikuta zaidi ya nusu. Wengi wa wanawake hao walikuwa wakitembea, wakilima na kuanika samaki kama kawaida. Hawakujiona wagonjwa.

> Mama hana homa, lakini kondo la nyuma limejaa vimelea. Anayelala njaa ni mtoto.

Hapo ndipo ukuaji wa mtoto wa Mweru huanza kuamuliwa. Vimelea hujibanza kwenye kondo la nyuma na kubana njia ya chakula na hewa kwenda kwa mtoto. Damu ya mama hupungua. Mimba ya kwanza ndiyo huumia zaidi, kwa kuwa mwili wa mama haujawahi kupambana na vimelea vya aina hiyo vinavyojificha kwenye kondo. Matokeo yake huwa ama uchungu wa mapema, ama mtoto aliyedumaa, au yote mawili kwa pamoja.

Malaria nayo haiji peke yake. Utafiti huo wa Nchelenge ulikuta wanawake wengi wana vimelea vya malaria pamoja na maambukizi ya njia ya uzazi yanayotibika, kama kaswende, kisonono, klamidia na trikomonasi. Maambukizi hayo pia huweza kuanzisha uchungu kabla ya siku. Kliniki inayotafuta mbu tu imeona nusu ya tatizo.

Ubishi wa vidonge viwili

Kwa miaka mingi kinga ya mjamzito imekuwa SP, vidonge ambavyo watu wazima wa Afrika Mashariki na Zambia bado wanaviita Fansidar. Humezwa mbele ya muuguzi kuanzia miezi mitatu ya pili ya mimba, na dozi moja hadi nyingine hupita angalau mwezi. Tatizo ni kwamba vimelea vya ukanda huu vimeizoea dawa hiyo. Wapo wanaosema kwa ukali kwamba kuendelea kuigawa ni kumpa mama pazia lililotoboka.

Badala yake wanapendekeza dihidroatemisinini-piperakwini, au DP, ambayo inafyeka vimelea vizuri zaidi. Hoja yao ni nyepesi kueleweka: malaria ikipungua, watoto watazaliwa wazito na kwa wakati.

Kumbe mwili una hesabu zake. Jaribio lililofanywa Kenya, Malawi na Tanzania kwa wanawake 4,680, na kuchapishwa mwaka 2023 katika jarida la Lancet, lilionyesha DP ikipunguza malaria kama ilivyotarajiwa, huku matokeo mabaya ya uzazi yakiwa mengi zaidi kwa waliopewa DP kuliko kwa waliopewa SP. Waliomeza SP waliongezeka uzito zaidi wakati wa ujauzito. Inaelekea dawa hiyo iliyochoka mbele ya malaria bado inafanya kazi nyingine mwilini, pengine kwa kuzuia bakteria, na faida inamfikia mtoto.

Ubishi huo ulikuwapo hata kabla ya matokeo hayo, nao ndio ulioifanya Nchelenge iwe uwanja wa jaribio la ASPIRE, lililoanza mwishoni mwa mwaka 2019 chini ya Kituo cha Utafiti wa Magonjwa ya Tropiki cha Ndola na Chuo cha Usafi na Tiba za Tropiki cha London. Zaidi ya wajawazito 5,000 wasio na VVU walilengwa. Swali lilipanuliwa: SP peke yake, SP ikiongezewa antibiotiki ya metronidazo, au DP ikiongezewa metronidazo? Hatimaye malaria na maambukizi ya uzazi yaliwekwa kwenye sahani moja, kama yanavyokaa ndani ya mwili mmoja.

Sindano iliyokosa kalenda

Kuna sindano ya bei nafuu, deksamethasoni, inayoharakisha kukomaa kwa mapafu ya mtoto anayekaribia kuzaliwa njiti. Nchi tajiri zimeitumia kwa miongo. Basi ikaonekana busara kuipeleka hadi vijijini.

Zambia ilikuwa miongoni mwa nchi sita zilizojaribu, pamoja na Kenya, Argentina, Guatemala, India na Pakistan. Matokeo yalitoka mwaka 2015, yakawaduwaza waliokuwa wakiyasubiri. Mahali ambapo matumizi ya sindano yalihimizwa, vifo vya watoto wachanga kwa ujumla viliongezeka badala ya kupungua. Wengi waliochomwa hawakuwa na mimba changa hata kidogo. Wiki zilikuwa zimekisiwa, na watoto wa miezi yao kamili walipewa dawa isiyowahusu.

Miaka mitano baadaye yalitoka matokeo ya dawa ileile ilipojaribiwa upya katika nchi tano, Kenya ikiwemo, safari hii kwenye hospitali zenye uwezo wa kumtunza mtoto na zenye kipimo cha picha, yaani ultrasaundi, cha kuthibitisha umri wa mimba. Vifo vilishuka.

Mwandishi wa makala haya haoni mfano mwingine unaosema waziwazi zaidi kwamba ufukara wa Nchelenge katika jambo hili ni ufukara wa tarehe. Mashine nyingi zikiletwa kesho, bado daktari atauliza: wiki ngapi?

Jibu bora hupatikana kwa kipimo cha picha katika miezi mitatu ya mwanzo, ambapo makosa huwa ya siku chache. Mama akija mimba ikiwa ya miezi minane, hata mashine nzuri inaweza kukosea kwa wiki mbili au tatu. Lusaka kumefanyika kazi ya kutia moyo. Watafiti wa Zambia na Marekani walionyesha mwaka 2022 kwamba kifaa kidogo cha mkononi, kikipitishwa tu juu ya tumbo na mtu asiye mtaalamu wa picha, huku programu ya kompyuta ikisoma picha hizo, kinaweza kukadiria umri wa mimba karibu sawasawa na mtaalamu. Kutoka Lusaka hadi Kashikishi ni karibu kilomita 1,000. Vifaa vya aina hii huwa na desturi ya kuchelewa njiani.

Kifua cha mama

Mwaka 1978, huko Bogotá nchini Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikabiliwa na wodi yenye njiti wengi kuliko mashine za joto. Akawaweka watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Ndivyo ulivyozaliwa utunzaji wa kangaruu.

Kwa muda mrefu njia hiyo ilionwa kuwa dawa ya maskini, kitu cha kufanya ukikosa mashine, na mtoto alisubiri kwanza atulie ndipo abebwe. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2021, kutoka hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, lilivunja dhana hiyo. Watoto wa kati ya kilo 1 na gramu 1,799 waliobebwa kifuani tangu mwanzo walikufa kwa asilimia 12, na wale waliosubiri kwanza watulie walikufa kwa asilimia 15.7. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu ilionekana si haki kuendelea kuwanyima wengine. Mwaka 2022 WHO ikapendekeza mtoto abebwe mapema iwezekanavyo, kati ya saa 8 na 24 kwa siku.

> Saa nane kwa siku ni saa za kazi. Nani ataanika samaki?

Kitenge kipo kila nyumba Luapula, na ngozi ya mama haikatiki kama umeme, jambo lisilo dogo kwa nchi iliyoonja mgao mkali mwaka 2024 baada ya ukame kupunguza sana maji ya bwawa la Kariba. Vikwazo viko kwingine. Mtoto wa Kiafrika hubebwa mgongoni, kwa hiyo mama mwenye kifurushi kifuani anatazamwa. Tena wiki tatu hospitalini ni wiki tatu nje ya nyumba yenye watoto wengine, pengine ng'ambo ya maji.

Kifua cha baba hutoa joto lilelile. Cha bibi pia. Wodi zinazowaruhusu ndugu kupokezana humpa mama nafasi ya kulala, na mama aliyelala hutoa maziwa zaidi.

Tone kwa tone

Njiti wa wiki 32 hawezi kunyonya titi barabara. Uwezo huo hukamilika karibu na wiki ya 34. Maziwa hukamuliwa, yakapitishwa kwa mrija wa puani, kisha kwa kikombe kidogo. Dang'a, maziwa ya kwanza ya manjano ambayo kuna mahali bado humwagwa kwa kudhaniwa machafu, ndiyo kinga yake ya kwanza dhidi ya bakteria.

Siku za mwanzo mtoto hupungua uzito, na mama wengi huingiwa na hofu. Baada ya wiki mbili hivi huwa amerudisha gramu zake. Kuanzia hapo wauguzi hutarajia nyongeza ya karibu gramu 15 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa mtoto wa kilo moja na nusu hizo ni gramu 22 au 23, kama kijiko kimoja na nusu cha chakula kilichojaa maji. Mizani ya kupimia viazi haiwezi kuona tofauti hiyo.

Yako mambo ambayo maziwa peke yake hayamalizi. Mtoto hujiwekea akiba ya madini ya chuma katika miezi mitatu ya mwisho tumboni. Njiti ameikosa miezi hiyo, na mama mwenye malaria hana cha kumwachia. Kwa hiyo njiti anayenyonya huhitaji matone ya madini hayo.

Ila hapa pana kisa cha Pemba kisichopaswa kusahaulika. Watoto zaidi ya 24,000 wa kisiwa hicho waliingizwa kwenye jaribio la madini ya chuma na foliki, na matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Waliopewa chuma walilazwa na kufa zaidi kuliko wasiopewa, na sehemu hiyo ya jaribio ikasitishwa. Pemba wakati ule ilikuwa na malaria nyingi, na chuma kiligawiwa bila kwanza kupima nani amepungukiwa. Tangu hapo ushauri kwa maeneo ya namna hiyo ni kwamba chuma kiende sambamba na kinga, kipimo na tiba ya malaria. Kwa lugha ya nyumbani, mwenye kumpa njiti matone Nchelenge ahakikishe kwanza ana chandarua na kituo cha kumpima homa.

Baada ya geti la hospitali

Siku ya kuruhusiwa huonekana kama mwisho wa safari. Kwa ukuaji wa mtoto ndipo safari ndefu inapoanza, na ndipo rekodi huwa chache.

Kila mwaka, kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, serikali ya Zambia hufunga uvuvi ili samaki wazaliane. Sababu ni nzuri. Lakini kwa familia ya ufukweni hiyo ni miezi mitatu bila kipato, nayo huangukia katikati ya mvua, mbu wakiwa wengi na ghala likiwa na muhogo tu. Muhogo hushibisha, ila una protini kidogo mno. Mama anayenyonyesha njiti hula alichonacho.

Nchelenge pia ina wageni wa kudumu. Mapigano ya Katanga yalipowakimbiza watu wa pande za Pweto na Moba mwaka 2017, walipokelewa kwenye kituo cha muda cha Kenani, kisha wakahamishiwa makazi ya Mantapala yaliyofunguliwa mwaka 2018. Wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili. Mama wa Mantapala aliyejifungua kabla ya siku anatakiwa kuelewa maelekezo ya dozi na tarehe za kliniki, na iwapo muuguzi anayazungumza kwa Kibemba tu, kosa la mililita moja ya dawa si jambo la kushangaza.

Tanzania imebadili sheria zake za kazi ili mwajiriwa aliyejifungua njiti aongezewe likizo ya uzazi, baada ya kampeni ndefu ambayo Doris Mollel, yeye mwenyewe aliyezaliwa njiti, alikuwa sauti yake kubwa. Ni hatua ya kupongezwa. Mwanika chisense hana mwajiri wa kumwomba likizo. Likizo yake ni jirani atakayemgeuzia samaki kabla mvua haijanyesha.

Tena kuna hesabu ya mwisho, ambayo haigharimu hata senti moja. Mtoto aliyezaliwa Oktoba akiwa na wiki 32 alipaswa kuzaliwa Desemba. Aprili anapoletwa kliniki kadi inasema ana miezi sita, wakati kwa kipimo cha ukuaji anapaswa kuhesabiwa miezi minne. Akilinganishwa na wenzake wa miezi sita ataonekana mfupi, mwepesi na mzito wa kujifunza kukaa. Mama ataambiwa mtoto amedumaa, na kwa hofu aanze kumlisha uji wa muhogo ambao tumbo lake halijawa tayari kuupokea.

Aprili ziwa limekwisha kufunguliwa. Chisense wapo tena mchangani, na wakisagwa pamoja na mifupa yao huwa unga mzuri wa kutia kwenye uji wa mtoto, wenye protini na kalsiamu. Muuguzi anachora mstari kwenye kadi, anatoa miezi miwili, kisha anamwambia mama anyonyeshe tu kwa sasa. Unga wa chisense autunze kwenye kopo lenye kifuniko hadi Juni.